Mume Wangu na Redio Zake Kuukuu

Kwa miezi kadhaa nilikuwa na adui ndani ya nyumba yangu. Hakuwa mwanamke mwingine, wala haikuwa pombe. Ulikuwa ni mlango: ule unaoteremkia chumba cha chini ya nyumba, ambako mume wangu alijifungia na redio zake kuukuu kila aliporudi kutoka safarini.

Sisi ni Watanzania, ila tunaishi Marekani, katika jimbo la Minnesota. Kama wanaume wengi waliotoka Afrika Mashariki kuja huku, mume wangu ni dereva wa lori la safari ndefu. Hukaa barabarani siku kumi au kumi na mbili, kisha huwa nyumbani siku tatu. Mimi nahudumia wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Basi piga hesabu mwenyewe, mama mwenzangu: siku tatu tu za kuwa pamoja, nazo zinaliwa na mikwaruzo ya redio!

Wamarekani wana desturi ya kupanga vitu vyao vya zamani uani siku ya Jumamosi na kuviuza kwa bei ndogo. Huko ndiko alikozipata. Siku moja nilizihesabu nikakuta redio 11. Ile ya kumi na moja aliinunua kwa dola 60 wiki ileile tuliyokubaliana kumnunulia kijana wetu viatu vya baridi. Theluji ya Minnesota haina mchezo, na kiatu kizuri huku si pambo.

Niliteremka ngazi nikasema maneno ambayo sipendi kuyarudia. Mume wangu aliyasikiliza yote, akainamisha kichwa, akaendelea kufuta vumbi kwa brashi. Hakujibu neno. Na kijana wetu wa miaka 15, aliyekuwa sebuleni, akaongeza sauti ya simu yake ili asitusikie. Tulikuwa watu watatu katika nyumba moja, na hakuna aliyekuwa akizungumza na mwenzake.

"Nilikuwa naweka viazi jikoni"

Jirani yetu ni mama mzee, mjane. Wiki hiyo nilimpelekea mandazi, naye akaniuliza mbona uso wangu umekunjamana. Nikamweleza habari za redio. Nilidhani atanihurumia. Badala yake alicheka mpaka akafuta machozi.

Aliniambia kwamba marehemu mumewe naye alikuwa na redio kama hizo, moja ndani ya gari lake na nyingine jikoni. Miaka ya 1970 yeye alikuwa mama mdogo mwenye mtoto mchanga, na mumewe akifanya kazi mji wa jirani. "Jioni nilikuwa namsikia akiwa bado mbali," alisema. "Sauti yake ikianza kuwa safi, nilijua amekaribia. Hapo ndipo nilikuwa naweka viazi jikoni."

Nilirudi nyumbani nikiyawaza maneno hayo. Nikakumbuka redio ya baba yangu kijijini, ile ya mbao, na jinsi tulivyokuwa tukianika betri zake juani ili tupate taarifa ya habari ya jioni. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa, lakini sote tulikusanyika kuizunguka. Usiku ule nilimimina vikombe viwili vya chai, nikateremka ngazi, nikauliza swali ambalo sikuwa nimewahi kuuliza: "Baba watoto, hebu niambie. Redio hizi ni za nini hasa?"

Redio ya mwananchi wa kawaida

Akanieleza. Redio hizi huitwa CB, yaani redio za mawasiliano za wananchi. Si za kusikiliza matangazo. Ni za kuongea, kama redio za upepo zilizokuwa zikitumika nyumbani kwenye misheni na vituo vya polisi. Tofauti ni kwamba hizi ziliwekwa kwa ajili ya mtu yeyote: mkulima, dereva, hata mama wa nyumbani. Serikali ya Marekani iliyafungua mawimbi ya megahezi 27 kwa kazi hiyo mwaka 1958, yakiwa na chaneli 23. Mojawapo ya redio za mwanzo iliitwa Viking Messenger, kazi ya kampuni ya E. F. Johnson ya mji wa Waseca, hapa hapa Minnesota. Mume wangu anayo moja. Ndani yake hamna transista. Kuna vali za kioo zinazowaka kama taa ndogo, na zikishapata moto zinatoa harufu ya vumbi la kale.

Kilichozipa redio hizi umaarufu ni shida. Mwishoni mwa mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yasiuzwe Marekani. Vituo vingi vikakauka, na mwaka 1974 ikatolewa sheria ya nchi nzima kwamba gari lisizidi maili 55 kwa saa, yaani karibu kilometa 90. Madereva wa malori wakaanza kuambiana kwa redio: mafuta yako wapi, barabara imefungwa wapi, na polisi wamejificha wapi. Familia nazo zikavutiwa. Kila mtu akajipa jina la hewani. Hata Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, alitumia redio ya CB katika kampeni za mwaka 1976, na jina lake la hewani lilikuwa "First Mama", maana yake Mama wa Kwanza.

Januari 1977 chaneli ziliongezwa zikawa 40, na zile redio za chaneli 23 zikashuka bei mara moja. Nyingi ziliishia stoo na darini, na ndizo hizi zinazouzwa uani leo. Tangu mwaka 1983 hakuna leseni inayotakiwa kwa mtu kuzitumia Marekani. Kinachotakiwa ni kufuata kanuni: nguvu isizidi wati 4 kwa redio za kawaida, na chaneli ya 9 iachwe kwa ajili ya dharura. Chaneli ya 19 bado ndiyo ya madereva, ingawa simu za mkononi zimepunguza sana watu wake.

Nilimuuliza: "Kama una simu mfukoni, hizi za nini?" Akafikiri kidogo. "Nikiwa barabarani," alisema, "siku nzima naweza nisisikie sauti ya mtu anayeniuliza habari. Redio hii mtu huijibu bila kunijua." Mimi, mkewe, sikuwa nimejua kwamba ana upweke kiasi hicho.

Siku niliyosoma karatasi

Nilianza kushuka kila alipokuwa nyumbani, na kijana naye akaanza kuchungulia. Lakini nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka mara moja. Jumamosi moja mume wangu alileta antena ya alumini yenye urefu wa zaidi ya meta tano, akataka kuisimamisha nyuma ya nyumba kwa msaada wa kijana. Walikuwa wamekwisha kuifunga kwenye bomba refu. Mimi nilikuwa nakunja nguo barazani, nikaiokota karatasi iliyokuja na antena.

Karatasi hiyo ilionya kwamba antena ikigusa waya wa umeme mtu anaweza kufa. Nikatazama juu. Waya unaoleta umeme nyumbani ulikuwa umepita palepale, juu ya kichwa cha mwanangu.

Nilipiga kelele. Waliiteremsha polepole, na hakuna aliyesema kitu kwa muda. Baadaye nilijifunza kwamba watu wengi walikufa kwa namna hiyo wakati redio hizi zilipopendwa sana, hata serikali ikalazimisha maonyo hayo yawekwe kwenye antena. Leo antena yetu imesimama upande mwingine wa uwanja, mbali kiasi kwamba hata ikianguka upande wowote haiwezi kufika kwenye waya. Fundi aliyesomea ndiye aliyeunganisha waya wa ardhini kwa ajili ya radi.

Kutoka siku ile mume wangu hanizuii kuuliza maswali. Jicho la mama lina kazi yake hata penye mambo ya mafundi.

Namna ya kutunza redio ya zamani

Haya ndiyo niliyojifunza katika chumba cha chini. Huenda yakamfaa mama ambaye mumewe au mwanawe anapenda kufungua vyombo vya zamani.

Redio iliyolala miaka mingi usiichomeke kwenye umeme papo hapo ili "kujaribu". Ndani yake mna kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, navyo hukauka kwa uzee. Vinaweza kupasuka na kuunguza sehemu nyingine zilizo nzima. Kwanza ifunguliwe, ikaguliwe, na kapasita zilizochoka zibadilishwe. Redio inayonguruma hata unapopunguza sauti, mara nyingi ugonjwa wake ni huo.

Redio za vali zina umeme wa mamia ya volti, na umeme huo unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kwetu ni mwiko mtoto kuingiza mkono mle kabla baba hajaupunguza umeme huo na kuupima kwa mita.

Redio isibonyezwe kuongea kama haijaunganishwa na antena. Nguvu ikikosa pa kutokea hurudi ndani na inaweza kuua transista ya kurushia mawimbi. Ndiyo maana tuna mita ndogo, wanaiita ya SWR, inayoonyesha kama nguvu inakwenda kwenye antena au inarudi. Ikisoma chini ya 2 tunaendelea. Ikipanda juu ya hapo tunasimama na kutafuta kosa.

Swichi na vifundo vinavyokwaruza, mara nyingi dawa yake ni kinyunyizo maalumu cha kusafishia swichi za umeme, wala si mafuta ya kupikia kama kijana alivyotaka kujaribu! Vifundo vyenyewe huvuliwa na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha hukaushwa kabisa. Maandishi ya usoni yafutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu. Dawa kali huyafuta yasirudi tena.

Na kulehemu kusifanyike kwenye meza ya chakula. Ile risasi ni sumu. Dirisha lifunguliwe, na mikono ioshwe kabla ya kushika chakula au mtoto.

Daftari jikoni

Suala la pesa tulilimaliza kwa daftari. Linakaa jikoni, na kila senti inayokwenda kwenye redio inaandikwa humo, kama ninavyoandika za sokoni. Tumekubaliana pia kwamba redio ikiingia, nyingine itoke. Sasa ziko saba. Nne alizitengeneza akaziuza, na faida ya ile ya dola 60 ndiyo iliyoongezewa kidogo tukanunua viatu vya kijana. Kwa kweli vilichelewa wiki tatu, na hilo mume wangu aliliomba radhi mbele ya mtoto.

Kijana huyo ndiye siku hizi fundi wa waya za maikrofoni. Waya hizo hukatika pale zinapoingia kwenye kichwa chake kwa kuvutwa miaka mingi, na vidole vyake vyembamba vinafaa kuliko vya baba yake. Mwaka jana, mchana mmoja, aliniita chini mbio. Alikuwa anasikia watu wakiongea Kihispania, mbali sana. Baba yake alimweleza kwamba jua likiwa na madoa mengi, anga la juu huyarudisha mawimbi haya chini, na sauti husafiri maelfu ya kilometa. Mwanangu alitoka nje akalitazama jua kana kwamba hajawahi kuliona.

Jioni moja ya Februari baba yao alikuwa anarudi kutoka Iowa. Theluji ilikuwa imeanza. Kijana alikaa na ile Viking Messenger, chaneli ya 14 tuliyokubaliana. Kwa muda mrefu palikuwa na mkwaruzo tu. Nilikuwa nakata vitunguu juu ngazini, mlango ukiwa wazi, nikajifanya sisikilizi. Mara sauti ikatokea, nyembamba, ikapotea, ikarudi.

"Kijana, unanipata?"

"Nakupata, baba. Theluji huko vipi?"

Simu ikipigwa, mwanangu humjibu baba yake kwa "ndiyo" na "hapana". Jioni ile waliongea mpaka lori likafika: habari za barabara, za mtihani wa hesabu, za dereva mmoja aliyekwama. Sauti ilizidi kuwa safi. Kisha nikasikia mume wangu akiuliza, "Mama Chapati yuko wapi?" Hilo ndilo jina langu la hewani, watoto ndio walionipa.

Kijana akaniita kutoka chini niongee. Nikamwambia amwambie baba yake kwamba nimesikia, na nikaweka maji ya ugali jikoni.