Sotoka ya mbuzi: Pima kwanza, nunua dawa baadaye

MBUZI akitokwa na machozi na kamasi, akikohoa na kuharisha, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Kama ugonjwa ni sotoka ya mbuzi na kondoo, fedha hizo hazigusi chanzo. Antibiotiki haiui virusi; husaidia tu dhidi ya bakteria wanaofuata nyuma yake.

Virusi vya sotoka hujishikiza kwenye kipokezi kilichoko juu ya seli za kinga, vikaingia na kuziharibu. Kinga ikiporomoka, homa ya mapafu hupata mwanya. Katika kundi lisilochanjwa, vifo vinaweza kufikia asilimia 90.

Kwa macho, sotoka huchanganywa kirahisi na magonjwa mengine ya mapafu. Maabara hutumia kingamwili maalumu inayonasa protini ya virusi hivyo. Vikiwemo kwenye sampuli, rangi hubadilika. Kwa hiyo mtaalamu wa mifugo aitwe siku za mwanzo za homa, achukue machozi na kamasi, na sampuli zisafirishwe zikiwa kwenye barafu. Zikichelewa au kupata joto, majibu huweza kupotosha.

Ugonjwa huo ulithibitishwa Tanzania mwaka 2008. Chanjo moja hulinda kwa takriban miaka mitatu. Mfugaji anayenunua mbuzi mnadani awatenge kwanza kabla ya kuwachanganya na kundi, na asipeleke sokoni walioonyesha dalili. Hasara ya kusubiri majibu ni ndogo kuliko ya kupoteza zizi zima.