Msafiri wa wakati na kiambishi -ngali-

Katika riwaya ya René Barjavel ya mwaka 1944, msafiri anarudi nyuma katika wakati na kumwua babu wa ukoo wake kabla hajapata watoto. Basi ni nani aliyesafiri?

Tulete fumbo hilo Fizi. Che Guevara alifika Kibamba Aprili 1965, akaondoka Novemba, vita vimemshinda. Mtu wa leo akirudi kumwonya, naye akageuza mtumbwi, hakuna kushindwa. Onyo limetoka wapi?

Sarufi inaonyesha fundo: -li- husimulia lililotokea, -ngali- lisilotokea. “Angalionywa, angaligeuka.” Msafiri analazimisha vyote viwili katika tukio moja. Naona -ngali- inatutosha: twajifunza kwa yaliyopita bila kuyafuta.