Duara Kuzunguka Dawa

Mtoto wa Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, akishikwa na homa ya matumbo, sisi wazazi twauliza neno moja tu: dawa gani itamponya? Maabarani vijidudu vilivyopatikana katika damu yake hupakwa kisahanini, juu ya chakula chao kilichoganda kama uji uliopoa, kisha huwekwa vipande vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki. Kesho yake dawa yenye nguvu huonekana imezungukwa na duara tupu, na duara hilo hupimwa kwa milimita. Ndivyo walivyoandika Bauer, Kirby na wenzao huko Marekani mwaka 1966.

Lakini duara laweza kusema uongo, wasomaji wapenzi. Chakula kile chapaswa kuwa na unene wa milimita 4. Kikiwa chembamba, dawa huenea mbali, duara hupanuka, nasi twaambiwa dawa yafaa, kumbe haifai! Vijidudu vikipakwa vingi kupita kiasi, duara hupungua, na dawa njema hukataliwa. Joto nalo lataka digrii 35. Na umeme ukikatika usiku? Kwa hiyo maabara makini hupima pia kijidudu ambacho duara lake lajulikana tayari. Likitoka sivyo, majibu hayapelekwi kwa daktari.