Umelipia, Lakini Si Chako

Nakala yangu ya Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba. Jalada limebanduka, na ukurasa wa kwanza una majina ya watu watatu walioimiliki kabla yangu. Mmoja amekata jina la mwenzake kwa kalamu nyekundu. Tangu nimeinunua, hakuna aliyenibishia hodi kuja kuidai.

Julai 2009, Wamarekani walionunua kitabu hichohicho kwa Kiingereza, au 1984 cha mwandishi yuleyule, George Orwell, waliwasha Kindle zao, vifaa vya Amazon vya kusomea vitabu vya kielektroniki, wakakuta kimetoweka. Aliyekiweka sokoni hakuwa na haki ya kukiuza, hivyo Amazon ikakifuta na kurudisha fedha. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alikuwa akisoma 1984 kwa ajili ya masomo. Maelezo yake yalibaki, ila kitabu alichokuwa akikieleza hakikuwepo tena. Alikwenda mahakamani. Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliomba radhi, na alifanya vyema. Kinachoniuma ni kwamba muuzaji aliweza kuingia nyumbani kwa mteja na kuchukua kitabu bila kubisha.

Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha. Walioandika maoni yao kurasani wakaongezewa dola 25. Mtu aliyebishana na mwandishi ukurasa baada ya ukurasa hawezi kufidiwa hivyo.

Kitufe kinasema "nunua", masharti yanasema umepewa leseni ya kusoma. Kitabu kimefungwa kwenye akaunti yako: huwezi kumwazima jirani wala kuwarithisha wanao. Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata kukiuza mtumba hairuhusiwi bila idhini ya mwenye hakimiliki. Kwetu, ambako nakala moja husomwa na darasa zima, kutoweza kuazimana ni hasara kubwa kuliko bei yenyewe.

Sikatai faida za kitabu cha kielektroniki. Mzee mwenye macho hafifu hukuza herufi akasoma, na aliye mbali na duka hukipata papo hapo. Lakini faida hizo hazihitaji kufuli. Tor, wachapishaji wa riwaya za kubuni za kisayansi, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao mwaka 2012, na hadi leo wanachapisha na kuuza.