Aliir Aliir: Mzaliwa wa Kakuma aliyeitwa nambari 44, kisha akaingia kikosi bora Australia

Muulize msee yeyote pale stage ya Karatina akutajie mzaliwa wa Kenya aliyetajirisha jina lake kwenye futiboli ya Australia. Atakuangalia tu. Si makosa yake, huku Mlima Kenya mchezo huo hatuuoni hata kwenye vibanda vya mpira. Lakini jamaa yupo, na jina lake linaandikwa mara mbili: Aliir Aliir.

Alizaliwa Septemba 1994 katika kambi ya Kakuma, Turkana, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Kambi yenyewe ilikuwa imefunguliwa miaka miwili tu awali. Familia ikahamia Australia akiwa bado mtoto na kutua Brisbane, mji ambao raga ndiyo mfalme. Futiboli hii aliikuta akiwa tayari kijana wa sekondari. Wenzake wengi walikuwa wameishika tangu chekechea.

Kama hujawahi kuiona, picha ni hii. Timu ina wachezaji 18 uwanjani, na uwanja una umbo la yai kama mpira wenyewe. Robo ni nne, na hakuna kuotea. Kila upande una milingoti minne: ukipiga mpira kwa mguu ukapita katikati ya ile miwili mirefu, pointi 6. Ukipita pembeni, unapata 1. Kuutupa kwa mkono hairuhusiwi, mwenzako unampa kwa teke au kwa kuugonga na ngumi. Na ukidaka mpira uliopigwa umbali wa mita 15 au zaidi kabla mtu hajaugusa, unapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa.

Hapo kwa kudaka ndipo Aliir anapata riziki. Yeye ni beki mrefu. Kazi yake ni kusoma mpira ukiwa bado hewani, kumwacha mtu wake sekunde moja, kisha kuruka auchukue mbele ya adui. Akikosea hesabu, wamefungwa.

Huko vilabu huchagua chipukizi kwa zamu kila mwaka, timu iliyoshika mkia ikitangulia. Mwaka wa 2013 majina 43 yalisomwa kabla ya lake. Sydney Swans wakamchukua nambari 44. Unadhani alianza kucheza mara moja? Zii. Misimu ya 2014 na 2015 ilipita bila mechi hata moja ya kikosi cha kwanza. Alianza 2016, na mwaka huohuo Swans wakafika fainali kuu. Lakini goti lake liliumia kwenye mechi ya mwisho kabla ya fainali hiyo, dhidi ya Geelong. Fainali ikachezwa Melbourne mbele ya watu 99,981 bila yeye, na Swans wakapoteza kwa Western Bulldogs, 89 kwa 67.

Mwisho wa 2020 Swans wakamwachilia aende Port Adelaide. Msimu wake wa kwanza huko, 2021, akatajwa kwenye All-Australian, kikosi cha wachezaji 22 bora wa ligi nzima. Nambari 44, mwaka wa nane tangu achaguliwe.

Usidhani ni raha tupu. Julai 2023 aligongana vichwa na mwenzake wa timu kwenye mechi dhidi ya Adelaide, kisha akarudishwa uwanjani. Ligi ikaitoza klabu yake faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikisimamishwa, kwa kutofuata utaratibu wa kupima kichwa. Wewe unayecheza raga, kumbuka hiyo siku kocha atakapokuambia ujikaze urudi.

Huku kwetu tunapenda kusema kipaji hakifichiki. Mimi naona kinafichika vizuri sana. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alikuwa na miaka 15 alipopelekwa shule Japani. Huko akakomaa, na 2008 akashinda marathoni ya Olimpiki Beijing kwa saa 2:06:32. Miguu ilikuwa ileile ya Nyahururu, ila kuna watu waliompa shule, kocha na muda. Aliir naye urefu alikuwa nao tayari, alichopata Brisbane ni mpira ambao hakuna mtu Kakuma angemrushia.

Kwa hivyo kama uko sekondari pale Othaya au Nanyuki na ushaambiwa umechelewa kwa soka, usitupe viatu. Jaribu voliboli, raga, handiboli, chochote chenye kocha anayekuja kila jioni. Na kama wewe ndiye mwalimu wa michezo mwenye ufunguo wa stoo ya mipira, tafadhali buda, fungua.