Binti Anataka Kusomea Lugha: Tumjibu Nini?

Jioni moja, siku chache baada ya matokeo ya Mtihani wa Serikali kutangazwa, mzee mmoja, mvuvi wa Kalundu, alinijia nyumbani. Binti yake alikuwa amefaulu. Furaha ilikuwapo, lakini usoni mwake niliona wasiwasi. Alikaa, akanywa maji, kisha akasema:

"Mwalimu, binti yangu anataka kwenda chuo kikuu kusomea lugha. Nimemwambia: Mwanangu, Kiswahili unakijua, Kibembe umekinyonya kwa mama yako, Kirundi umekiokota sokoni, Kifaransa umefundishwa shuleni. Ni lugha gani tena iliyobaki ya kununuliwa kwa fedha? Amenyamaza tu. Basi nimekuja kwako, maana wewe ndiwe uliyesoma mambo hayo."

Wazazi wapenzi, swali la mzee huyu si la ujinga. Ni swali la mtu ambaye ataiuza nyavu yake ili mtoto asome. Yampasa apewe jibu la kweli, wala si maneno matamu. Nami nimeona vema kuliandika hapa jibu nililompa, kwa kuwa wengi wetu tunaulizwa hivyo hivyo.

Tunazisema, lakini je, tunazijua?

Mtu akitembea kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, atasikia Kivira, Kifuliru, Kirundi, Kibembe, Kinyamulenge na Kishi. Atasikia Kiswahili kila mahali, Kifaransa maofisini, na Lingala midomoni mwa askari. Mtoto wa Uvira huweza kusema lugha tatu au nne kabla meno yake ya utoto hayajang'oka. Ndiyo maana tunadhani kwamba lugha ni kitu cha bure, kama maji ya ziwa.

Mimi nami nilidhani hivyo. Nilitoka seminari ndogo nikiwa nimelishwa sarufi ya Kilatini, nikaingia chuoni kwa kiburi. Katika mwaka wa kwanza tuliamriwa kuandika sentensi ishirini kama zinavyosemwa nyumbani kwetu, na kuzieleza. Niliandika: "Batoto banakunywa mayi." Chini yake nikaeleza kwa kifupi: "Hili ni kosa, yafaa kusema, watoto wanakunywa maji." Mwalimu wetu alinirudishia karatasi. Pembeni alikuwa ameandika swali moja tu: "Ni kosa kwa sheria ya nani?"

Sikuwa na jibu. Ilinibidi niende kulitafuta, na huko ndiko masomo yangu yalikoanzia. Nilijifunza kwamba mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Lakini Kiswahili chetu hakikungoja mkutano huo. Kilikuja katika karne ya kumi na tisa pamoja na misafara ya wafanyabiashara, kwa njia ya Tabora na Ujiji, kikavuka ziwa kwa mitumbwi. Kikakuta watu ambao lugha zao husema "ba" mahali ambapo mtu wa Unguja husema "wa". Mrundi husema "abantu", Mluba husema "bantu", Mlingala husema "bato". Wilhelm Bleek, mtaalamu Mjerumani, alitumia neno hilo hilo, Bantu, kuwa jina la jamii nzima ya lugha hizi katika kitabu chake cha mwaka 1862. Basi "batoto" si ujinga wa watu wa Uvira. Ni alama ya njia ambayo lugha ilipita.

Hata hivyo mwanafunzi hawezi kuishia hapo na kusema kila kitu ni sawa. Anayeandika barua kwa ofisi ya Dar es Salaam, au kitabu kitakachosomwa Nairobi, hana budi kujua Kiswahili sanifu barabara. Kila vazi lina mahali pake, na kazi ya msomi wa lugha ni kulijua vazi na mahali.

Maisha ya mwanafunzi

Msidhani kwamba mwanafunzi wa lugha hukaa kivulini akisoma hadithi. Asubuhi hujifunza sauti: ulimi unagusa wapi, pumzi inapita wapi, neno linapanda au linashuka. Mchana ni sarufi na historia ya lugha. Kisha kuna tafsiri, fasihi, na mazoezi ya kufundisha mbele ya wanafunzi hamsini au zaidi. Masomo hutolewa kwa Kifaransa, hata yale yanayohusu lugha zetu wenyewe, nalo ni jambo la kustaajabisha. Zamani ilikuwa miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya nchi yetu vimeanza utaratibu mpya: licence ni miaka mitatu, na anayetaka kuendelea huongeza miwili ya shahada ya pili.

Vitabu ni haba. Kamusi moja huzungukwa na watu kumi, kama moto wakati wa baridi. Usiku umeme ukikatika, mtu husoma kwa mwanga wa simu mpaka nayo izimike. Chakula ni bugali na sombe, na siku ya baraka ni siku ile mama anapotuma mfuko wa ndagala.

Mfuko huo ulinipa hata somo. Samaki hao wadogo tunaowaita ndagala, sisi na ndugu zetu wa Bujumbura, huitwa dagaa kule Kigoma, na kapenta kule Zambia. Ziwa ni moja, samaki ni wale wale, na majina ni matatu. Niliandika kazi yangu ya kwanza iliyosifiwa juu ya majina ya samaki wa ziwa hili, nami nilikuwa nimeyasikia tangu utoto bila kuyatafakari hata siku moja.

Neno moja katika kituo cha afya

Lakini somo lililonikaa zaidi sikulipata darasani. Wakati wa likizo nilikuwa nikisaidia kutafsiri katika kituo kimoja cha afya. Alikuja mama mmoja kutoka bonde la Ruzizi, amembeba mtoto mwenye homa. Alijua Kirundi tu. Walikuwa wamepita kwanza mahali pengine, wakapewa dawa ya malaria. Muuguzi akataka kujua mtoto aliimeza lini. Nami kwa haraka nikauliza kwa Kirundi: "Na dawa, lini?" Mama akajibu neno moja: "Ejo."

Nikamwambia muuguzi: "Kesho."

Muuguzi akaelewa kwamba mtoto bado hajaanza dawa, akainuka kwenda kumletea nyingine. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi akaita: "Mwanangu, ngoja! Huyu mama asema jana, si kesho."

Kwa Kirundi, "ejo" ni jana, na "ejo" ni kesho pia. Kitenzi ndicho kinachotenganisha, na mama yule hakutaja kitenzi, kwa sababu swali langu nalo halikuwa nacho. Neno hilo nililijua tangu nikicheza mpira na watoto wa Kirundi. Sikukosa kulijua, nilikosa kuuliza mara ya pili. Kama si bibi yule ambaye hakuwahi kuingia darasani, mtoto angalimezeshwa dawa juu ya dawa. Nilitoka nje nikasimama ukutani muda mrefu kwa aibu.

Tangu siku ile nilielewa kwamba kusomea lugha si kujaza maneno kichwani. Ni kujifunza kusita kabla ya kusema "nimeelewa".

Mto unaingia au unatoka?

Ziwa letu lenyewe lina ushuhuda wa jambo hilo. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walikuwa Ujiji wakitafuta chanzo cha mto Nile. Burton alijua lugha nyingi, lakini alikuwa mgonjwa, hivyo Speke akavuka ziwa peke yake mpaka kisiwa cha Kasenge kuzungumza na mfanyabiashara Mwarabu, Hamid bin Sulayyim. Speke hakujua Kiarabu. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuishi India, na wao wawili walizungumza Kihindustani cha kubahatisha. Tena safarini mdudu alikuwa amemwingia Speke sikioni, akamwacha akisikia kwa shida. Speke alirudi na habari kubwa: kaskazini mwa ziwa kuna mto unaotoka ziwani. Wakafikiri, labda ndio Nile!

Mwezi wa Aprili wa mwaka huo wote wawili walifika Uvira kwa mitumbwi. Huko wana wa mtawala wa mahali, Maruta, waliwaambia wazi kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Burton alivunjika moyo. Bombay alipoulizwa, alijibu kwamba Speke hakumwelewa Hamid, maana Hamid alisema mto unaoingia. Hawakuuona mlango wa mto kwa macho, kwa kuwa wapiga makasia walikataa kuendelea. Ni mwezi wa Novemba 1871 ndipo Livingstone na Stanley walipofika hapo na kuona kwamba wenyeji walisema kweli.

Tazameni, wazazi: mtoto yeyote wa bondeni angaliwajibu. Lakini neno lilipita kinywa hadi kinywa, lugha hadi lugha, kuingia kukageuka kutoka.

Je, ni kazi?

Mzee wangu wa Kalundu alisikiliza yote hayo, kisha akauliza lile lililokuwa moyoni mwake: "Na nani atamlipa?"

Nilimjibu bila kumficha. Akiwa mwalimu, huenda akakaa miaka kabla jina lake halijaingia katika orodha ya mishahara ya Serikali, na katika miaka hiyo ataishi kwa michango ya wazazi wenzake. Asiyeweza kuvumilia hilo asianze. Lakini milango mingine ipo. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1922? La, mzee, ni juzi tu, mwaka 2022. Na mwaka huo huo Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Mahakama, hospitali, redio, na mashirika yanayohudumia wakimbizi yote yanahitaji watu wa kutafsiri kwa uaminifu.

Tena sisi tumeyaona. Mwaka 2025 vita vilifika Bukavu mwezi wa Februari, na Uvira mwezi wa Desemba. Mara zote mbili maelfu ya watu walikimbilia Burundi. Masomo yalikatika, familia zilitengana. Mtu akiwa mbele ya meza ya kuandikishwa ukimbizini, akiulizwa ametoka wapi na watoto wake wako wapi, uhai wake umo katika neno la yule anayemtafsiria.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Kumbe wewe mwenyewe uliharibu, na bado wanakuita mwalimu." Nikamwambia: "Ndiyo, mzee. Na binti yako ataharibu pia. Afadhali aharibu akiwa bado anafundishwa, penye mtu wa kumrudisha."

Akacheka, akainuka, akaniaga. Hakuniambia ameamua nini. Lakini juma lililofuata nilimkuta ufukweni akishona nyavu yake kuukuu, na ile mpya haikuwapo. Sikumwuliza. Binti alikuwa ameketi kando yake, akiandika katika daftari majina ya mafundo ya nyavu, jinsi baba yake alivyoyataja, moja moja. Na kila mara aliposhuku, alimwuliza tena.