Mvuto wa Ukaribu: Kwa Nini Mtoto Huvunja Kibubu

Bibi mmoja mkazi wa Tanga ameniletea barua akieleza kwamba mwanawe wa miaka tisa alinuia kununua baiskeli, na kwa ajili hiyo fundi seremala akamtengenezea kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, kisicho na mlango wala kifuniko ila tundu la kupenyezea fedha, na kila Ijumaa mtoto akawa anapewa shilingi 1,000 na kuzitumbukiza humo kwa furaha; hata mwezi wa Shaaban ulipoingia, mama aliporejea kutoka sokoni akakuta ubao wa chini umebanduliwa kwa bisibisi ya baba yake, na shilingi 17,000 zilizokuwamo zimekwisha kwa tiara, biskuti na soda za marafiki. Bibi huyu anauliza mambo mawili: je, mtoto wake amezaliwa hana subira, na je, safari hii amtengenezee kibubu cha chuma?

Katika kumjibu sitarudia mafundisho ya kupanga matumizi, wala tofauti iliyopo kati ya haja na matamanio, ambayo aghalabu kila mzazi amekwisha kuyasikia. Wala sitakaa sana juu ya yale majaribio mashuhuri ya Walter Mischel kule Stanford, aliyewawekea watoto wadogo kipande cha peremende mbele yao na kuwaahidi cha pili endapo wangengoja bila kukila, kwa sababu majaribio hayo yamesimuliwa mno, na wasimuliaji wake wengi wametuachia dhana kwamba subira ni tabia ambayo mtoto ama anayo ama hana. Mimi nashikilia kwamba subira, kwa sehemu kubwa, ni suala la umbali, na kwamba umbali huo hupimika kwa hesabu nyepesi kabisa.

Tuifanye hesabu hiyo. Baiskeli aliyoitamani mtoto, kwa bei aliyoiandika mama yake, ni shilingi 120,000, na kwa shilingi 1,000 kwa wiki safari hiyo ni ya wiki 120, yaani zaidi ya miaka miwili. Na kwa mtu wa miaka tisa muda huo ni kama robo ya umri wote aliokwisha kuishi, sawa na kumwambia mtu wa miaka arobaini angoje miaka kumi. Ijumaa ya kwanza, noti yake ya shilingi 1,000 iliipunguza safari kwa sehemu moja tu katika 120. Alipokwisha kuweka noti 17, zilikuwa zimebaki 103, na noti ya kumi na nane ingeondoa chini ya sehemu moja katika mia ya masafa yaliyosalia, jambo ambalo hapana moyo wa binadamu, mkubwa wala mdogo, uwezao kulihisi. Lakini tazama noti ile ile zikibaki shilingi 10,000 tu: inaondoa sehemu moja katika kumi. Zikibaki 2,000, inaondoa nusu nzima. Noti haikubadilika thamani dukani, wala mkono unaoiweka haukubadilika, ila nguvu yake juu ya masafa yaliyobaki imekua mara nyingi. Na nguvu hiyo ndiyo ambayo nafsi huipima, bila mtu mwenyewe kujua kwamba anapima.

Clark Hull wa Chuo Kikuu cha Yale aliitoa nadharia ya jambo hili mwaka 1932, na miaka miwili baadaye akachapisha vipimo vya panya waliokimbia katika njia iliyonyooka yenye chakula mwishoni. Panya hawakwenda mwendo mmoja. Kadiri walivyokikaribia chakula ndivyo walivyozidi kasi, ingawa njaa yao ilikuwa ile ile na njia ile ile. Mtu akilifuata neno la wataalamu kwa umbo lake angeweza kuliita jambo hili mteremko wa shabaha, nami siafiki, kwa kuwa mteremko humshusha mtu bila jitihada, ilhali hapa jitihada ndiyo inayozidi; basi nitaliita mvuto wa ukaribu, mpaka mwenye lugha iliyo bora atuletee jingine.

Fikiri jahazi litokalo Sur au Maskat kwa upepo wa kaskazi, lenye shehena ya tende na papa mkavu, likielekea Unguja. Siku za kwanza, bahari ikiwa ni ile ile asubuhi na jioni, mabaharia hufanya kazi zao kwa uzito: maji hufuliwa ngamani kwa sababu serahangi amepiga kelele, na kamba hushikwa na mikono iliyochoka kabla ya kuvuta. Kisha huonekana Rasi Hafun, na watu wote husimama, hata aliyekuwa na homa. Baada ya hapo pwani huanza kujihesabu yenyewe, Mogadishu, Barawa, Kismayu, Lamu, Malindi, Mombasa, na kila mji unapopitwa sauti za wavutaji kamba huzidi kupaa, hata zikionekana nyumba nyeupe za Unguja yule aliyehitaji kuitwa mara tatu hukimbilia foromali bila kuitwa. Nguvu hiyo haikutoka katika chakula, kwa maana mwisho wa safari ndipo chakula kinapokuwa kibaya zaidi, wala haikutoka katika usingizi. Imetoka nchi kavu, kutoka katika zile alama ambazo jicho limeziona na akili imezijua kuwa zi kabla ya bandari. Na nahodha mwenye busara hawaambii watu wake habari ya Unguja peke yake tangu siku ya kutweka. Huwaambia habari ya rasi ifuatayo. Sasa mchukue baharia mmoja umfungie ngamani, pasipo dirisha, umwambie avute kamba ipitayo tunduni, kila Ijumaa mara moja, kwa wiki 120, na umwahidi kwamba bandari iko mbele. Huyo ndiye mtoto mwenye kibubu kilichopigiliwa misumari. Havuti kuelekea popote anapopaona, na siku moja huchukua bisibisi akatoboa ubao, si kwa sababu ya uasi, bali apate kujua yuko wapi.

Kwa hiyo kibubu cha chuma hakifai, bibi yangu, maana dosari haikuwa katika udhaifu wa mbao.

Mvuto huu una hila zake, na moja imenifurahisha kuliko nyingine zote. Mwaka 2006 Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha habari ya jaribio walilolifanya Marekani, katika mahali pa kuoshea magari, ambapo wateja 300 waligawiwa kadi za kupigwa muhuri kila waoshapo gari, na mwenye kuijaza kadi huoshewa mara moja bila malipo. Nusu yao walipata kadi yenye nafasi 8, zote tupu. Nusu nyingine walipata kadi yenye nafasi 10, lakini mihuri 2 ilikwisha kupigwa tangu mwanzo. Wote walibakiwa na mihuri 8 ile ile ya kutafuta, na hapana aliyepewa hata senti zaidi ya mwenzake. Hata hivyo katika kundi la kwanza waliomaliza walikuwa asilimia 19, na katika la pili asilimia 34. Kuanza safari ukiwa umekwisha kuianza, hilo peke yake lilitosha kukaribia kuwazidisha maradufu.

Halafu mwaka 2012 Minjung Koo na Ayelet Fishbach wakaonyesha kwamba jicho la mwenye shabaha hupata nguvu likitazama lile fungu lililo dogo zaidi, liwe ni lililokwisha kukusanywa au lililobaki. Hapa hesabu yetu ya noti inarudi kwa sura mpya, kwa sababu mwanzoni noti ya pili hulifanya fungu lililokusanywa kuwa maradufu ya lilivyokuwa, ilhali fungu lililobaki halitikisiki. Na mwishoni mambo hupinduka, noti moja haionekani katika rundo kubwa lililojaa, lakini hukata nusu ya kilichosalia. Basi mzazi amwambiaje mtoto mwenye shabaha ya shilingi 12,000? Kabla ya kufika 6,000 aseme, "Umekwisha kuweka 2,000, wiki ijayo zitakuwa 3,000," wala asitaje zilizobaki. Akishavuka 6,000 ageuze maneno, aseme, "Zimebaki 4,000," na rundo aliache lijisemee. Wazazi wengi hufanya kinyume. Humwambia mtoto siku ya kwanza kwamba bado nyingi, na wiki ya mwisho humsifu kwa wingi wa alizonazo, na sifa hiyo ikamtia uvivu pale pale alipohitaji kusukumwa.

Kwamba watoto nao hufuata kanuni hii, tuna ithibati nzuri ya Albert Bandura na Dale Schunk, ya mwaka 1981. Waliwachukua watoto waliokuwa dhaifu katika hesabu za kutoa, wasiozipenda pia, wakawapa kurasa 42 za kujifunza katika vipindi 7. Baadhi walishauriwa wajiwekee shabaha ya kurasa 6 katika kila kipindi. Wengine wakaambiwa walenge kuzimaliza kurasa zote 42 mwisho wa vipindi vyote. Kazi ni moja, kwa kuwa 6 mara 7 ni 42. Lakini wale wa kurasa sita sita walizidi ustadi, wakazidi kujiamini, na jambo ninaloliona kuwa adhimu, wakaanza kuzipenda zile hesabu walizokuwa wakizichukia. Ilhali wenye shabaha ya mbali hawakufaidi chochote zaidi ya wasiowekewa shabaha yoyote. Ni kweli kwamba panya si watoto na wenye magari si wanafunzi wa Tanga, lakini njia zote hizi zinaelekea upande mmoja, nami sioni sababu ya kungoja.

Muradi wa bibi wetu basi uwe hivi. Achukue chupa kubwa ya plastiki inayoonyesha kilichomo ndani, na karatasi yenye vyumba 14 ibandikwe ukutani kwa kimo cha macho ya mtoto, chumba kimoja kwa kila shilingi 1,000, viwili vya kwanza avijaze yeye mama kwa noti zake mbili siku ya kuanza, mbele ya mtoto. Shabaha ya kwanza isiwe baiskeli. Iwe mpira wa shilingi 14,000, au kitu chochote ambacho mtoto mwenyewe amekichagua na ambacho kinapatikana katika miezi mitatu, nacho kikifikiwa kinunuliwe kweli, siku hiyo hiyo, na mtoto mwenyewe akatoe fedha dukani na kuhesabu chenji. Baiskeli ije baadaye, imegawanywa vituo kama ile pwani ilivyogawanyika, na wazazi wenye uwezo waahidi kwamba akifikisha nusu wao watatia nusu ya pili. Baada ya kila shabaha mtoto atalegea. Ran Kivetz na wenzake waliliona hilo kwa wanywaji kahawa wa Chuo Kikuu cha Columbia, wenye kadi za muhuri kama zile za waosha magari, ambao wakishapata kikombe chao cha bure hurudi katika mwendo wa polepole wa mwanzo kabla ya kuzidi kasi tena. Aachwe alegee wiki mbili, asigombwe.

Limebaki jambo moja ambalo barua haikulitaja, nalo naliandika kwa uzito wote nilionao, kwa maana bila hilo chupa na karatasi ni bure. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake walirudia jaribio la peremende kwa watoto 28, lakini kabla yake kila mtoto aliahidiwa vifaa bora vya kuchorea. Watoto 14 wakaletewa walichoahidiwa, na 14 wakaambiwa kwamba samahani, havipo. Ilipokuja zamu ya peremende, waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12, na 9 kati yao walifika mwisho wa dakika 15. Waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3, na aliyefika mwisho ni mmoja. Sasa tutazame nyumbani kwetu siku ya Idi, mtoto amepita kwa shangazi, kwa mjomba na kwa majirani, amerudi na mkono wa Idi mfukoni, na mama anamwambia, "Lete nikutunzie." Fedha zile huingia katika unga na mafuta ya taa, na haziulizwi tena. Mtoto aliyetendewa hivyo mara tatu amejifunza kanuni sahihi kabisa, kwamba fedha iliyotumiwa leo ni yake na iliyotunzwa ni ya mwingine, na anayevunja kibubu kwa kanuni hiyo ametumia akili. Basi chupa ikishawekwa, isiguswe na mkono wa mtu mzima. Na dharura ikiingia nyumbani, kama zinavyoingia, mama amwombe mtoto mkopo kwa maneno ya heshima, aandike kiasi na siku ya kulipa juu ya karatasi ile ile ya ukutani, na siku hiyo ikifika azirudishe mbele ya macho yake, hata ikimlazimu naye kukopa kwa jirani.